Hausu, Sinema Yenye Nyumba Mbili

Sisi wa ughaibuni tumelizoea neno "kugunduliwa". Fundi aliyeshona kanzu Tanga miaka ishirini akifika Toronto akapata wateja, huambiwa amegunduliwa, kana kwamba zile kanzu za Tanga zilivaliwa na upepo. Neno hilohilo linaiandama Hausu, filamu ya kutisha ya Mjapani Nobuhiko Obayashi, tangu kampuni ya Criterion ilipoitoa kwa DVD na Blu-ray huko Marekani mwaka 2010. Watazamaji wa Magharibi huizungumzia kama kitu kilichookotwa. Lakini Hausu haikupotea hata siku moja. Kampuni ya Toho iliitoa Japani Julai 1977; wahakiki wengi waliibeza, vijana wakaipenda. Kilichotokea 2010 ni kwamba ilipata nyumba ya pili, na nyumba ya pili tunaijua ilivyo: hukupokea na kukulisha, ila haijui ulilia nini kabla hujafika.

Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Wasichana saba wa shule wanakwenda likizo kijijini, kwa dada wa marehemu mama yake mmoja wao. Nyumba inawala mmoja mmoja. Piano inaanza na vidole vya mpigaji, kisha inammeza mzima. Mwingine anavuta kamba kisimani, walikotumbukiza tikiti maji lipoe, kinapanda kichwa cha mwenzake. Picha zimekatwa na kubandikwa waziwazi, kwa ufundi ambao Obayashi aliuleta kutoka kwenye matangazo ya televisheni, na mengi ya vituko hivyo aliyapata kwa binti yake Chigumi, aliyekuwa bado mtoto. Ugenini watu huicheka sana. Kicheko hicho ni cha haki, kwa sababu filamu inakitafuta. Ninachokataa ni kukifanya kuwa filamu yote.

Ushahidi umo ndani ya filamu yenyewe. Wakiwa bado safarini, Oshare, yule mwenye ndugu, anawasimulia wenzake habari za dada huyo wa mama yake: mchumba wake aliitwa vitani, hakurudi, naye akabaki akimsubiri. Obayashi hatupi simulizi hilo kwa njia ya kawaida. Analigeuza sinema ya zamani isiyo na sauti, yenye rangi iliyofifia, huku tukiwasikia wasichana wakiitolea maneno ya furaha, kama watu waliokaa ukumbini. Linapotokea wingu la bomu la atomiki, mmoja wao anasema linafanana na pipi za pamba. Pale ndipo penye uzito wote. Obayashi alizaliwa Onomichi, mkoa wa Hiroshima, mwaka 1938. Bomu lilipoanguka alikuwa na miaka saba. Alijua wingu lile lilikuwa nini. Alijua pia kwamba mtoto aliyezaliwa wakati wa amani hawezi kuliona kama alivyoliona yeye, na wala hakumkasirikia. Kwa hiyo yule mtazamaji wa mbali anayecheka alikwishawekwa ndani ya filamu miaka thelathini na tatu kabla diski haijamfikia.

Atauliza mtu: kwani mgeni hana haki ya kuipokea sinema apendavyo? Anayo, na sisi tumeitumia sana. Kwenye vibanda vya video vya Tanzania, waigizaji wa ng'ambo walizungumza Kiswahili cha mtaani kupitia sauti ya mkalimani Lufufu, na Kenya DJ Afro akafanya yake, bila kumwomba mtu ruhusa. Ila angalia kazi ya wakalimani hao. Walichekesha, na papo hapo walieleza nani ni nani na kwa nini ana hasira; mtazamaji hakuachwa peke yake na vituko. Diski ya Criterion imebeba mazungumzo na Obayashi mwenyewe, ambamo anawazungumzia marafiki zake wa utotoni waliokufa Hiroshima. Kwangu mimi hayo ndiyo Lufufu wa filamu hii. Anayeinunua kwa ajili ya piano ile, akaishia hapo, amelipia kitu kizima akachukua nusu.

Tena mwingine atasema huzuni hiyo inatafutwa kwa tochi, filamu ni mchezo tu. Basi na atazame nyumba inamwacha nani. Wenzake sita wanaliwa. Oshare, ambaye ni damu ya mle ndani, anakaa mbele ya kioo cha mwenye nyumba, anajipaka rangi ya mdomo, na uso unaomtazama kutoka kiooni si wake. Asubuhi ndiye anayebaki, amevaa kimono, ametulia, akimkaribisha mgeni kwa upole wa mtu aliyesubiri miaka mingi.