Asili ni ya Kujuana, si ya Kulaumiana



Hapa Kawetele, katika baridi na mvua za Rungwe, mtoto akivimba magoti watu husema, "Ni baridi yabisi." Akivimba tena mwaka wa pili husema, "Ni ugonjwa wa ukoo wao." Tangu hapo binti wa nyumba ile haposwi. Katika miaka yangu ya kusomesha chuoni nimeona udugu ukikatika kwa maneno hayo.

Tupambanue mambo. Homa ya baridi yabisi, jina lake lisikudanganye, hailetwi na baridi. Huanza kooni. Kijidudu huingia katika mafindofindo, mtoto akalalamika koo. Asipotibiwa, wiki mbili tatu baadaye huweza kushikwa na homa, na maungo yakavimba, leo goti, kesho kiwiko. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Maungo hupoa, lakini vali za moyo huweza kuharibika moja kwa moja. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akitweta kupanda kilima cha kuja chuoni. Kumbe ni moyo. Sasa huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne, homa isimrudie. Na ndugu wawili wakiugua, mara nyingi wameambukizana koo katika chumba chenye msongamano.

Lakini yako pia maumivu yanayorithiwa. Selimundu humpata mtoto aliyerithi kwa baba na kwa mama, wote wawili. Akiwa mchanga, viganja na nyayo huweza kuvimba. Huenea zaidi kwa wenye asili ya mahali penye malaria nyingi, kama pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, kwa kuwa aliyerithi upande mmoja tu hupata kinga ya malaria kali.

Basi, msomaji wangu, Tukuyu ni mji wa wenyeji na wageni. Daktari akikuuliza, "Babu yenu alitoka wapi?" usione unatukanwa. Mjibu kwa ukweli, kwani jibu lako laweza kumwonyesha njia ya dawa. Mwenyezi Mungu ametujaalia makabila ili tujuane. Jirani anayeuliza asili apate la kusengenya ameigeuza neema hiyo kuwa silaha.

Mtoto akilia koo, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Akivimba maungo, apimwe damu na moyo. Kutafuta dawa ni katika mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.), kutafuta wa kulaumiwa si katika hayo.

Mwenyezi Mungu awape afya watoto wetu. Amin.