Mashine Moja, Shamba Moja

Siku mzee alipoita saveya aje kugawa shamba letu la chai huko Konoin, nadhani ni mimi tu niliyekuwa nafikiria seva.

Kabla sijaacha chuo, nilifanya atachimenti kwenye ofisi moja mjini Kericho. Chumba cha nyuma kulikuwa na mashine ya IBM Power inayonguruma usiku na mchana. "Unaona moja," bosi akaniambia, "lakini humo ndani wanaishi wanne." Programu inayoitwa haipavaiza imeikata vipande, yaani patisheni, na kila kipande kinaamini nyumba nzima ni yake. Kimoja kikianguka, majirani hata hawageuzi shingo.

IBM ilileta ugawaji huu kwa kompyuta zake kubwa mwaka 1988, kisha kwa seva za Power mwaka 2001. Kufikia 2004, ungeweza kumpa mpangaji hata sehemu moja ya kumi ya prosesa.

Kugawa kwenyewe si kugumu. Unaandika namba tatu: kiwango cha chini, unachotaka, na cha juu zaidi. Halafu unachagua. Prosesa za pamoja, mwenye kazi nyingi anaazima zile ambazo wenzake hawatumii. Wakigombania, uzito uliowapa, kutoka 0 hadi 255, ndio unaamua nani anapata zaidi. Ama prosesa za mtu binafsi: zako ni zako, hata ukilala.

Mimi niliunda patisheni ya majaribio nikaipa prosesa nne za binafsi kati ya nane zilizokuwepo. Kiwango cha chini pia nikaandika nne. Nikamaliza majaribio, nikasahau kuizima.

Mwezi wa kumi ukafika, bonasi ya chai ikaingia. Kila mtu Kericho na Bomet anaangalia salio lake saa hiyo hiyo. Mfumo mkuu ukaanza kujikokota. Watu wamepanga foleni nje, na patisheni yangu imekalia nusu ya mashine ikiota jua. Nikajaribu kuipunguzia prosesa ikiwa inaendelea kukimbia, ikakataa: nne ndio kiwango cha chini, na niliandika mwenyewe. Ilibidi niizime kabisa ndipo prosesa zirudi kwa za pamoja. Dakika chache baadaye foleni ikaanza kusonga. Bosi hakunigombeza. Alisema tu, "Kijana wangu, kugawa ni rahisi. Shida ni kile ulichofunga na hutumii."

Sasa turudi nyumbani. Ekari tatu, wavulana watatu. Mkubwa wetu yuko Doha. Mdogo anaendesha boda Nairobi. Mimi naandika makala za watu kwa laptopu, na mara ya mwisho kubeba kikapu cha chai nilikuwa fomu tatu. Anayechuma ni dada yetu. Anaamka alfajiri, majani mawili na kichipukizi, anayapeleka kituoni, anasimama mbele ya mizani. Namba ya mkulima ni ya mzee.

Saveya akapiga bikoni. Ekari moja, moja, moja. Dada akaleta chai ya maziwa, akamimina, akasimama pale mlangoni na birika. Hakusema kitu.

Sheria ya urithi ya Kenya haitofautishi mtoto wa kiume na wa kike. Lakini mzee wangu yuko hai, na aliye hai hugawa anavyotaka. Chini ya barabara kuna shamba la jirani ambalo mwenyewe yuko ng'ambo. Chai yake haijachumwa miaka mingi, imekuwa miti. Ndege wanajenga viota humo.

Nikasema, "Baba, hicho kipande changu kiandikwe dada."

Kimya. Mzee akaniangalia kama mtu aliyerudisha chakula. "Na wewe utakaa wapi?"

Sikuwa na jibu zuri. Sina digrii, sina kazi ya mshahara, na nilikuwa natupa kitu pekee chenye jina langu. Niliogopa, sitadanganya.

Mzee hajakubali. Alisema tungoje bodi ya ardhi, idhini bado haijatoka. Lakini wiki iliyopita dada alinipigia kutoka kituoni, mizani inalia nyuma yake. "Mzee ameuliza herufi za jina langu kwa kitambulisho," akasema. "Unafikiri ni za nini?"