Taa Zinazohadaa Omena

Msomaji, ukifika Sori, Migori, au Mbita, Homa Bay, usiku usio na mbalamwezi, utaona taa zimetapakaa ziwani ukadhani ni mji. Hizo ni chambo! Taa huwekwa juu ya boya la mbao lililoundwa papo hapo ufuoni. Mwangaza huvuta vijidudu vya majini, omena hufuata, nao wavu wa matundu madogo huwazingira.

Zamani ilikuwa karabai, na mafuta ya taa yalimeza sehemu kubwa ya pato. Wengi sasa wanatumia betri na sola. Lakini mwezi ukiwa mpevu, hata taa kali haifui dafu.

Usiende Aprili hadi Julai. Kwa kawaida uvuvi wa omena hufungwa wazaane. Miezi mingine, rauka: utawakuta wameanikwa ufuoni, akina mama wakivutana bei.