Miguu ya Vifaranga

Sisi tufugao kuku hapa Uvira pengine twaona kifaranga amevimba kiungo cha mguu. Ukano wateleza mahali pake, mguu wapinda, naye hufa njaa kando ya chakula. Tusitafute mchawi. Mara nyingi chakula chenyewe kimepungukiwa na kolini au manganisi. Kifaranga mchanga wa nyama ahitaji miligramu 1,300 za kolini katika kila kilo ya chakula. Mahindi yana yapata 600 tu, wala muhogo haulipi deni hilo. Basi tusage ndagala wakavu wa ziwa letu, tuwachanganye na soya. Mguu uliokwisha kupinda haunyoki tena. Tuwalishe wangali wazima, maana ada ya shule ya watoto wetu yatembea kwa miguu hiyo.