Haki ya Fundi katika Nyumba ya Rehani

Deni la mtu mmoja kwa mwenziwe ni jepesi kulihukumu, kwani dawa ya deni ni kulipa. Uzito huja pale nyumba inapokuwa moja na wanaoidai wakawa wawili, mmoja aliyetoa fedha na mmoja aliyetoa jasho. Hapo ni nani atangulizwe?

Mas-ala haya niliyakuta mbali na kwetu pwani, huko Shishiyu, wilaya ya Maswa, katika mkoa wa Simiyu uliotengwa na Shinyanga mwaka 2012. Nilikaa huko kwa shughuli za duka. Wengi wa majirani zangu walikuwa wakijenga kidogo kidogo: mwaka huu pamba ikilipa hufyatuliwa matofali, mwaka wa pili huinuliwa kuta, wa tatu huezekwa mabati. Nyumba ya namna hiyo hukawia, lakini ikiisha haina mdai.

Jirani yangu mmoja alikuwa fundi mwashi. Alipata kazi Bariadi mjini kwa mtu wa mshahara aliyekopa benki, na hati ya kiwanja ikawekwa rehani. Khabari ya rehani fundi hakuambiwa. Alijenga mpaka akaezeka, akapewa nusu ya ujira, na nusu akaahidiwa mwisho wa mwezi. Miezi ikapita. Mwenye nyumba akashindwa na benki pia, na tangazo la mnada likabandikwa. Fundi kusikia hayo akatia kufuli mlangoni, akaketi barazani, akasema haingii mtu mpaka alipwe. Nyuma yake kulikuwa na vijana watatu wakimdai ujira wao, na mkewe alikuwa akichukua unga dukani kwangu kwa kuandikiwa. Basi nami nilikuwa mmoja wa wadai, nikaenda kumwuliza wakili.

Wakili alinieleza hivi. Ukimpa fundi saa yako aitengeneze, ana haki ya kuizuia mpaka umlipe. Nikakumbuka kuwa jambo hili limo hata katika vitabu vya fiqhi vya madhehebu ya Hanafi: fundi ambaye kazi yake imeacha athari katika kitu, kama mtia nguo rangi, aweza kukizuia kwa ajili ya ujira wake, lakini mchukuzi wa mizigo hawezi. Ama nyumba si saa. Tofali likishaingia ukutani huwa ni la mwenye kiwanja. Sheria ya Uingereza haikumpa mjenzi haki ya kulishika jengo, na misingi ya sheria hiyo, kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, ndiyo iliyopokewa Tanzania Bara.

Marekani walishika njia nyingine. Jimbo la Maryland lilitunga sheria mwaka 1791, wakati mji mkuu wa Washington ulipokuwa ukijengwa, ili mjenzi asiyelipwa aidai nyumba yenyewe. Majimbo mengine yakafuata, na katika baadhi yake fundi aliyeanza kazi kabla rehani haijaandikishwa humtangulia mkopeshaji.

Kwetu, benki yenye rehani iliyosajiliwa ndiyo hutangulia. Fundi hushitaki kwa mapatano yake, na akishinda hupata hukumu juu ya mtu, si juu ya nyumba. Tena Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966 hairuhusu kukamatwa, kwa hukumu ya namna hiyo, nyumba anayokaa mdaiwa na mkewe na watoto wake.

Kwa hiyo kufuli lile halikuwa na nguvu yoyote. Wazee walituita, fundi akafungua, nyumba ikauzwa, na baada ya benki kuchukua chake hakikubaki kitu. Mwenye nyumba aliuza ng'ombe wawili akalipa sehemu. Wale vijana tuliwatanguliza, mimi nikawa wa mwisho, na fundi hajapata haki yake yote.

Ndugu msomaji, mas-ala ya riba yana mahali pake. Leo nasema juu ya jasho la mtu. Rehani yenyewe si aibu. Mtume (s.a.w.) aliweka rehani deraya yake kwa Yahudi mmoja wa Madina ili apate shayiri. Dhulma ni kuificha, ukamwacha mwenzio ajenge juu ya mali ambayo mwenye kuitangulia keshapatikana.

Basi yatupasa haya. Mwenye kujenga amwambie fundi mapema hati iko wapi, na aombe fedha za mkopo zitolewe kwa hatua, ili kila hatua ilipwe ujira wake. Fundi naye aulize kabla ya kuchimba msingi, achukue chake msingi unapokwisha, kuta zinapofika linta, na paa linapoezekwa. Hatua isiyolipwa isifuatwe na nyingine. Mapatano yaandikwe mbele ya mashahidi, kama tulivyoamrishwa juu ya madeni katika Suratul Baqara, aya ya 282. Mali bila daftari hupotea bila khabari.

Nanyi kina mama msidhani haya ni ya wanaume peke yao. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka ridhaa ya mke au mume kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani. Ukiletewa karatasi utie sahihi, uliza kwanza: fundi atalipwa kutoka wapi, na lini? Swali hilo ni haki yako, na laweza kumwokoa mtu usiyemjua na watoto wake.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kulipa tunayodaiwa kabla hatujaitwa.