Kijiji Kilichorukwa na Reli

Ukitazama ramani ya Kansas, utadhani aliyeichora alikuwa na rula tu mkononi. Kwa sheria ya mwaka 1785, ardhi ya Marekani ilianza kupimwa kwa miraba ya maili 6 kwa 6, kila mraba ukagawanywa vipande 36, kama ubao wa drafti. Mto ukipita, shauri yake. Ndivyo kata nyingi za mashambani huko Magharibi ya Kati zilivyopata mipaka. Nami sikuwa na hamu nazo mpaka nilipofikia habari za Nicodemus, kijiji kilichomo katika mojawapo.

Kiko kaskazini-magharibi mwa Kansas, karibu na Mto Solomon. Kilianzishwa mwaka 1877 na watu Weusi waliotoka Kentucky, wengi wao wakiwa wametoka utumwani miaka kumi na kitu tu kabla ya hapo. Walikuwa wameahidiwa nchi ya neema. Walichokuta ni nyasi hadi macho yanapokomea, hata mti wa kukatia boriti ni wa kutafuta. Wakachimba mashimo, wakaishi humo. Willianna Hickman, aliyefika mwaka 1878, alisimulia kwamba alipoonyeshwa mji hakuona nyumba hata moja. Aliona moshi ukifuka kutoka ardhini, akalia.

Wapo waliorudi walikotoka, na siwalaumu. Waliobaki walikumbuka katika masimulizi yao kwamba baridi ya kwanza waliivuka kwa nyama waliyogawiwa na Waosage waliokuwa wakitoka kuwinda. Waosage hao walikuwa wamekwisha kuondolewa Kansas na serikali. Aliyenyang'anywa ardhi anamlisha aliyeletwa kuilima! Hapo huwa nafunga kitabu kwanza.

Kijiji kikainuka: makanisa, shule, maduka, magazeti mawili. Kilichobaki ni reli. Mwaka 1887 wakazi wakapiga kura kutoa dola 16,000 ili kampuni ya reli iwafikie. Haikuja. Mwaka uliofuata reli ya kampuni nyingine ikapita maili chache tu kutoka hapo, ng'ambo ya mto, na mji wa Bogue ukaota kando yake. Wenye maduka wakahama, wengine wakayakokota na majengo yenyewe. Tangu hapo nimekuwa mgumu kumcheka mtu ambaye biashara yake imekufa. Mara nyingi hakuna alichokosea. Barabara imepita kwingine.

Lakini waliobaki hawakukaa kuomboleza. Mwaka 1939 walijengewa ukumbi wa kata wa mawe ya chokaa, katika miradi ya serikali ya kuwapa watu kazi wakati wa mdororo wa uchumi. Posta ikafungwa mwaka 1953, shule ikafuata. Leo wakazi wa kudumu ni wa kuhesabu kwa vidole. Hata hivyo, kila mwisho wa Julai wajukuu na vitukuu hurejea kutoka majimbo mbalimbali kusherehekea ukombozi wa mababu zao. Watakwimu huhesabu wanaolala mahali. Hawana safu ya kuandika wanaorudi.

Mwaka 1996 Nicodemus ilitangazwa kuwa Eneo la Historia la Taifa. Bogue, iliyopata reli, haimo katika orodha ya maeneo hayo.