Kununua Mtoto wa Mbwa

Si wengi waandikao habari za mbwa, maana watu wengi humhesabu mbwa kuwa kitu cha uani, tena cha mwisho uani, nyuma ya kuku. Lakini huku kwetu Ubungo mbwa amekuwa mali inunuliwayo kwa fedha nyingi, na penye fedha nyingi hapakosi ujanja. Nimeona vema niwaandikie niliyoyaona na kuyauliza, kwa kuwa najua ya kwamba hata ninyi mlioko vijijini huwaagiza ndugu zenu wa mjini wawaletee mtoto wa mbwa wa mbegu, ili alinde mbuzi na kufukuza ngedere katika mahindi. Naye ndugu huyo, akiisha kupokea fedha, hununua popote penye urahisi.

Wakumbukao Ubungo kwa ajili ya kituo cha mabasi ya mikoani wajue ya kuwa kituo kile kilihamia Mbezi Luis mwaka 2021. Nyumba nazo zimepanda vilima tangu Kimara hata Mbezi na Goba. Palipokuwa mashamba ya mihogo na mikorosho sasa pana kuta za matofali na malango ya chuma. Mtu akiisha kujenga ukuta, siku ya pili yake hutaka mbwa. Basi kando ya njia kubwa utawaona vijana wamesimama juani, kila mmoja amekumbatia watoto wa mbwa wawili au watatu waliooshwa na kufungwa utepe shingoni. Gari likipunguza mwendo tu, mtoto wa mbwa amekwisha kutiwa dirishani. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nami sijaona mahali methali hiyo ilipotimia wazi zaidi kuliko pale.

Na maneno yao ni matamu. "Mzee, huyu ni mbwa wa polisi, baba yake yuko kikosini." Ni kweli Jeshi la Polisi lina kikosi chake cha mbwa na farasi, na mbwa wa kikosi hicho wastahili sifa. Lakini kama madume wao wangekuwa baba za watoto wote niliosikia wakitajiwa, wasingepata nafasi ya kumkamata mwizi hata mmoja.

Jirani yangu hapa Makuburi, mtu wa makini katika mambo yake yote, alinunua mtoto wa mbwa wa namna hiyo jioni moja akitoka kazini. Alitoa shilingi laki mbili. Aliambiwa ya kwamba ana miezi miwili, tena amekwisha kuchanjwa. Akapewa na kadi, lakini kadi ile haikuwa na jina la daktari wala tarehe, ila alama ya kalamu tu. Siku tatu yule mbwa alicheza vizuri na watoto wa nyumba. Siku ya nne akamng'ata binti yao kidole, si kwa ukali bali kwa mchezo, kama ilivyo desturi ya watoto wa mbwa. Damu ikatoka kidogo. Siku ya tano akakataa chakula, akatapika, akaharisha damu. Na alfajiri ya siku ya saba wakamkuta amekufa.

Wakampeleka binti hospitali. Daktari akauliza: Mbwa huyu alitoka wapi? Mama yake alichanjwa? Ndugu zake wa uzao mmoja wako wapi, nao ni wazima? Hapakuwa na mtu wa kujibu. Jirani akapiga simu ya yule kijana, haikupatikana. Akaenda kusimama pale njiani jioni mbili. Akawakuta vijana wengine, nao wakasema hawamjui. Ndipo daktari akasema, kwa kuwa mbwa amekufa na asili yake haijulikani, hawezi kumwacha mtoto hivi hivi. Akaanza kumchoma sindano za kuzuia kichaa cha mbwa siku ile ile, akamwandikia tarehe za kurudi. Habari ya laki mbili ilikuwa imekwisha kusahauliwa. Mimi mwenyewe nilimwona mama wa mtoto akimkazia macho binti yake kila alipoinua kikombe cha maji, atazame kama ataogopa.

Yaelekea mbwa yule aliuawa na parvo, wala si kichaa. Parvo ni ugonjwa wa virusi uliotambuliwa katika mbwa mwaka 1978, ukaenea duniani kote kwa muda wa miaka michache. Huwashika hasa watoto wa mbwa na kuwaharibu matumbo. Tangu kuambukizwa hata dalili kuonekana hupita siku tatu mpaka saba, pengine zaidi. Kwa hiyo mtoto wa mbwa aweza kuchezacheza mikononi mwa mwuzaji, macho maangavu, mkia hautulii, naye amekwisha kubeba mauti yake. Tena virusi hivyo hukaa katika udongo miezi mingi, hata kufika mwaka. Sabuni ya kawaida haiviui. Vyataka dawa yenye klorini, ile tuiitayo jiki. Mwenye kuleta mbwa mwingine upesi katika ua ule ule humletea kaburi lake.

Lakini daktari yule alifanya vema kutobahatisha. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikiisha kutokea kwa mtu, karibu hapana aponaye. Inakadiriwa ya kuwa kila mwaka watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu duniani, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote huupata kwa mbwa. Katika kila kumi, wanne hivi ni watoto wa chini ya miaka 15. Nalo ni jambo la kusikitisha sana, maana kinga yake yajulikana tangu tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur alipoanza kumdunga Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, naye hakuupata ugonjwa. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali bila kungoja kesho. Shirika la Afya Duniani na wenzake wameweka nia ya kuondoa vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na wataalamu husema ya kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Sasa fikirini: mbwa wa njiani asiye na mama anayejulikana amo katika hesabu gani, ya wale 70 au ya wale 30?

Kwa sababu hiyo, nilipotaka mbwa wangu, sikumtafuta mbwa, nilimtafuta mtu. Nilikwenda kwa afisa mifugo wa kata, nikamwuliza neno moja tu: "Ni nani hapa akuitaye umchanjie mbwa wake kabla hawajaugua?" Akacheka, akasema, "Mwalimu, hao hawajai mkono mmoja." Akanitajia watatu.

Wa kwanza hakunipitisha langoni. Alisema mbwa wake ni wakali, ningoje aniletee mtoto pale nje. Lakini harufu ya mabanda ilinifikia kabla yake, na nilisikia sauti za mbwa wengi mno kwa uwanja mdogo kama ule. Nikaaga. Wa pili alikuwa mtu mwema, ila hakuwa na watoto wa mbwa wakati ule.

Wa tatu ni mama mmoja wa Mbezi, mwuguzi mstaafu. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitika, "Marahaba mwanangu. Nimesikia unataka mbwa. Keti kwanza." Basi akaanza kunihoji. Nyumbani hushinda nani mchana? Ukuta upo, au nitamfunga mbwa mnyororo kutwa? Mke wangu amekubali, au nataka kumletea kazi asiyoitaka? Nitamlisha nini mwisho wa mwezi? Nikajiona kama mposaji mbele ya baba mkwe. Kisha akaniuliza neno ambalo sikulitazamia: "Majirani zako Waislamu, umekwisha kuongea nao?" Akanieleza ya kuwa mbwa aachwaye azurure akiingia kwa jirani na kulamba vyombo vyake, humpa kazi ya kuvitohara kwa sheria ya dini yake. "Mbwa asiyezuiliwa," akasema, "hugombanisha watu waliosalimiana miaka ishirini."

Baada ya hayo ndipo akanipeleka uani kumwona mbwa jike. Huyo alikuwa wa mbegu ya Kijerumani, wale wenye masikio yaliyosimama. Mbavu zake zilionekana kidogo, kwa kuwa watoto saba walikuwa wakimnyonya, lakini manyoya yalikuwa safi wala sikuona kupe masikioni. Alininusa viatu, akatazama uso wa bibi yake, akarudi kwa watoto. "Huyo ndiye barua yangu ya sifa," akasema mama. "Watoto wote wa mbwa hupendeza. Mtazame mama yao, ndipo utakapojua unanunua nini." Mbegu ile hurithi ubovu wa nyonga, mbwa akachechemea angali kijana, naye mama kabla ya kumzalisha alimpeleka Morogoro, katika hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, akapigwa picha ya eksirei. Hakumzalisha kabla hajatimiza miaka miwili, na baada ya kila uzao humpumzisha. Baba wa watoto alikuwa wa nyumba nyingine. Akanielekeza nikamwone, nami nikaenda.

Watoto wale walikuwa na wiki tano, na mama hatoi mtoto kabla ya wiki nane. Sababu yake ni nzuri. Katika wiki hizo mtoto wa mbwa hujifunza kwa ndugu zake, maana akimng'ata mwenzake sana, mwenzake hulia na kuacha mchezo; hivyo hujua kiasi cha meno yake. Aondolewaye mapema huja kujifunzia mikononi mwa watoto wetu.

Nikarudi baada ya wiki tatu, nikalipa shilingi laki tano, nikapewa kadi ya chanjo na karatasi ya mapatano. Kadi ya kweli, wasomaji, ina jina la dawa, tarehe, ile lebo iliyobanduliwa katika chupa ya chanjo, na sahihi na mhuri wa daktari wa mifugo, mtu awezaye kupigiwa simu. Msikubali maneno, "Nilimchoma mwenyewe." Chanjo hutunzwa katika baridi ya digrii 2 hadi 8, iliyoshinda mfukoni katika jua la Dar es Salaam haiaminiki tena. Wala msidhani sindano moja yatosha. Mtoto wa mbwa hupata kinga katika maziwa ya kwanza ya mama yake, na kinga hiyo ikiwa bado na nguvu huishinda chanjo yenyewe. Nayo hupungua siku isiyojulikana. Ndiyo sababu chanjo ya parvo na wenzake huanza katika wiki ya sita au ya nane, ikarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Ya kichaa kwa kawaida hutolewa afikapo miezi mitatu. Dawa ya minyoo huanza mapema zaidi, tangu wiki ya pili, kwa kuwa minyoo mingine humwingia angali tumboni mwa mama yake.

Ile karatasi ya mapatano ndiyo iliyonipendeza kuliko yote. Imeandikwa ya kwamba nikishindwa kumtunza mbwa, kwa sababu yoyote, mwaka wowote, nisimtupe wala kumwuza, bali nimrudishe kwake. Mwuzaji wa njiani huomba usimwone tena. Huyu aliomba asinipotee.

Wengine huuliza habari za vyeti vya nasaba. Huko Nairobi iko East Africa Kennel Club iandikayo nasaba za mbwa, na cheti cha kweli chafaa kwa wapendao mbegu safi. Lakini cheti chasema babu yake ni nani; hakisemi kama ana minyoo.

Nanyi wa vijijini, sioni sababu ya kumwaga laki tano. Mbwa wetu wa kienyeji amezoea joto na chakula chetu, na kwa kazi ya shamba mimi namchagua yeye kuliko mgeni mwenye manyoya mazito. Ulizeni tu katika mtaa ni jike la nani lililochanjwa, lenye tabia njema, mkaweke ahadi kabla halijazaa, mkamchukue mtoto akiwa na miezi miwili. Atakuwa Simba au Tommy kama wote, lakini mama yake mtamjua.

Binti wa jirani yangu amemaliza sindano zake, naye ni mzima. Ua wao umemwagiwa jiki mara nyingi hata nyasi zimekauka. Baba yake alinifuata kuuliza nyumba ya yule mama wa Mbezi, nikampeleka mwenyewe, akahojiwa kama nilivyohojiwa mimi. Jina lake limeandikwa daftarini, lakini ameambiwa angoje, maana jike linapumzishwa mwaka huu.